Asili ya Mawe Yaliyomo ndani ya Vimondo vya Chuma

Neno kimondo, ambalo katika kamusi za zamani huandikwa pia kimwondo, lina maana mbili katika matumizi ya Waswahili. Maana ya kwanza ni ule mwanga upitao angani usiku kwa kasi na kutoweka, ambao watu wa pwani husema ni kinga cha moto wanachotupiwa mashetani wanaotega masikio kwenye milango ya mbingu. Maana ya pili ni kile kitu chenyewe kinachofika chini, kiwe jiwe au pande la chuma. Katika makala haya neno hili litatumika kwa maana ya pili tu, kwani swali lililo mbele yetu halihusu mwanga bali kile kinachobaki baada ya mwanga kuzimika.

Vimondo hugawanywa katika jamii tatu. Jamii ya kwanza ni vimondo vya mawe, navyo ndivyo vilivyo vingi mno. Katika kila vimondo mia vilivyoonekana vikianguka, zaidi ya tisini ni vya mawe. Jamii ya pili ni vimondo vya chuma, ambavyo ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Jamii ya tatu ni vile ambavyo ndani yake chuma na jiwe vinakaribiana kwa wingi. Mgawanyo huu waonekana mwepesi, lakini wenye kuvipasua vimondo vya chuma kwa msumeno waliona zamani kwamba mara kwa mara ndani ya chuma safi mna vipande vya jiwe. Vingine ni vidogo kama punje ya mtama, vingine ni vikubwa kama yai, tena vimezungukwa na chuma pande zote kama kokwa lililozungukwa na nyama ya embe. Swali ni hili: vipande hivyo vya mawe vilitoka wapi, na viliingiaje?

Swali hili si dogo. Hakuna mtu aliyepata kufika katikati ya dunia, wala hapana chombo kinachoweza kuchimba hata kulifikia tumbo lake la chuma. Vimondo vya chuma ni mabaki ya matumbo ya sayari ndogo zilizovunjika zamani, na mawe yaliyomo ndani yake ni mashahidi wa namna sayari zilivyojitenga kuwa chuma ndani na jiwe nje. Shahidi akieleweka vibaya, habari yote ya kuumbwa kwa sayari huharibika.

Ajabu ya mchanganyiko huu

Ili msomaji aone ajabu iliyopo, yafaa kwanza afikiri juu ya uzito. Chuma chenye nikeli kina uzito wa karibu mara nane ya maji ya ujazo ule ule, na jiwe la kawaida la vimondo lina uzito wa mara tatu na kitu. Vitu viwili vya namna hiyo vikiyeyuka pamoja katika chungu kimoja havikai pamoja. Chuma huzama na jiwe huelea, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Katika viwanda vikubwa vya chuma jambo hili huonekana kila siku: chuma kiowevu hukusanyika chini ya tanuri, na yale yaitwayo mavi ya chuma hukaa juu na kumwagwa kando. Basi ikiwa sayari ndogo iliyeyuka, chuma kikashuka katikati na mawe yakapanda juu, kipande cha jiwe katikati ya chuma ni kama kizibo cha chupa kilichokutwa kimekaa katikati ya maji, hakielei wala hakizami.

Mtu aweza kujibu kwamba katika sayari ndogo nguvu ya kuvuta ni hafifu, na kwa hiyo jiwe hupanda polepole. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mistari inayoonekana katika chuma cha vimondo, ambayo itaelezwa hapo mbele, yaonyesha kwamba vingi katika hivyo vilipoa kwa mwendo wa pole mno, pengine digrii chache au makumi machache tu katika kila miaka milioni. Kwa muda wa namna hiyo hata jiwe lililosukumwa na nguvu ndogo kabisa lingekuwa limekwisha kupanda likatoka. Kwa hiyo kuwapo kwake ndani ya chuma kwahitaji sababu maalumu.

Mwanzo wa uchunguzi

Kimondo kilichoanzisha majadiliano haya hakikuwa cha chuma kitupu, bali cha jamii ya tatu. Mwaka 1749 pande kubwa la chuma lenye uzito wa karibu kilo 700 lilionekana karibu na Krasnojarsk katika Siberia, na mwaka 1772 mtaalamu Peter Simon Pallas alilitazama na kuandika habari zake. Chuma chake kilikuwa kama sifongo, na kila tundu lilijaa punje ya jiwe la rangi ya manjano inayoelekea kijani, liitwalo olivini. Mwaka 1794 Ernst Chladni, mtaalamu wa Ujerumani, alitoa kitabu kidogo akidai kwamba pande hilo na mengine kama hilo yalitoka nje ya dunia. Wengi walimcheka, lakini katika miaka kumi iliyofuata mawe yalianguka mchana mbele ya watu, nao wakakubali. Tangu hapo vimondo vyenye olivini nyingi namna hiyo huitwa kwa jina la Pallas.

Baada ya hapo ikaonekana kwamba hata vimondo vihesabiwavyo kuwa vya chuma vina mawe ya namna nyingi. Kimondo cha Steinbach cha Ujerumani kina pairoksini pamoja na tridimiti, ambayo ni silika tupu iliyoganda katika joto kali. Kimondo cha Colomera, kilichopatikana Hispania mwaka 1912, kilionekana kuwa na fuwele za felspa yenye potasiamu, moja yao ikiwa na urefu wa sentimeta 11 hivi. Nacho Netschaëvo cha Urusi kina mawe yenye viduara vidogo kama shanga, ambavyo ni alama ya vimondo vya mawe visivyopata kuyeyuka tangu vilipoumbwa. Kwa upande mwingine kimondo cha Hoba katika Namibia, ambacho kwa tani zake 60 hivi ndicho kikubwa kuliko vyote vijulikanavyo juu ya ardhi, ni cha kundi ambalo halijulikani kuwa na mawe ndani.

Tofauti hizi ndizo zilizowafahamisha wataalamu kwamba jibu haliwezi kuwa moja. Olivini ni jiwe la mwisho kuyeyuka. Felspa na silika ni mabaki ya mawe yaliyoyeyuka yakachujwa. Nalo jiwe lenye viduara halikuyeyuka kabisa. Mawe matatu yenye historia tatu hayakuweza kuingia kwa mlango mmoja.

Tanuri mbili

Yako matanuri ya namna mbili, na tofauti yake ni ufunguo wa habari hii. Katika tanuri kubwa la kiwanda joto hupita digrii 1,500 za sentigredi, chuma huwa kama maji, na mavi yake hutengana nacho kabisa. Tanuri za kienyeji za Afrika, zile ndefu za udongo zilizotumiwa na wafua chuma wa Unyiha, Ufipa na kwingineko, hazikufanya hivyo. Humo chuma hakikuyeyuka. Yaliyoyeyuka ni mawe, nayo yakatiririka chini, na chuma kikabaki kama bonge lenye matundu. Katika matundu hayo mabaki ya mawe yalinaswa, na ilimlazimu mhunzi alipashe moto bonge lile na kuligonga kwa nyundo mara nyingi ili kuyatoa. Asiyetimiza kazi hiyo alipata jembe lenye uchafu ndani yake, ambalo lingepasuka kwenye udongo mgumu.

Basi sayari ndogo nazo zaweza kuwa zilikuwa za namna mbili. Moto wake ulitokana hasa na aluminiamu ya namna maalumu, yenye uzito wa 26, ambayo hujivunja na kutoa joto, na nusu yake hutoweka katika kila miaka 700,000 hivi. Sayari iliyoumbwa mapema ilikuwa na akiba kubwa ya moto huu ikayeyuka yote, mfano wa tanuri la kiwanda. Sayari iliyochelewa kidogo ilipata moto wa kiasi. Ndani yake mchanganyiko wa chuma na salfa, ambao huanza kuyeyuka karibu na digrii 1,000, ulipata kutiririka, na mawe laini kuliko mengine yakaanza kulainika, lakini sehemu kubwa ya jiwe ilibaki ngumu. Katika sayari kama hiyo chuma na jiwe vingeachana nusu nusu tu, na vipande vya mawe vingesalia ndani ya madimbwi ya chuma kama yalivyosalia ndani ya bonge la mhunzi.

Ushahidi

Rai hazifai bila ushahidi, na ushahidi katika jambo hili ni wa namna tatu.

Ushahidi wa kwanza ni oksijeni. Katika kila jiwe mna oksijeni, na hewa hiyo ina chembe za uzito tatu, yaani 16, 17 na 18. Kadiri ya chembe hizo haiwi moja katika kila sayari. Hivyo huweza kutumika kama chapa inavyotumika kumtambua ng'ombe ni wa zizi gani. Chuma chenyewe hakina oksijeni ya kutosha kupimwa, na kwa sababu hiyo kipande kidogo cha jiwe ndani yake kina thamani kubwa: ndicho chenye chapa. Kazi hii ilifanywa hasa katika Chuo Kikuu cha Chicago na Robert Clayton na Toshiko Mayeda, kuanzia miaka ya 1970. Ilionekana kwamba mawe ya kundi la chuma liitwalo IIE yana chapa inayofanana na ile ya kundi kubwa la vimondo vya mawe liitwalo H. Mawe ya kundi la IAB, ambamo mna kimondo cha Campo del Cielo cha Argentina, yana chapa moja na vimondo vya mawe vya jamii ya Winona, kilichopatikana Arizona mwaka 1928. Chuma na jiwe vilivyodhaniwa kuwa wageni kumbe vilikuwa watoto wa nyumba moja.

Ushahidi wa pili ni umri. Mawe yana rubidiamu inayogeuka polepole kuwa strontiamu, na kwa kupima vitu hivyo mtu hujua ni lini jiwe liliganda. Mwaka 1967 D. S. Burnett na G. J. Wasserburg walipima mawe ya kimondo cha Kodaikanal, kilichopatikana India mwaka 1898, wakakuta umri wa miaka bilioni 3.8 hivi. Jua na sayari zake vina umri wa miaka bilioni 4.57. Kwa hiyo jiwe hilo liliganda miaka milioni mia saba na zaidi baada ya mwanzo. Wakati huo aluminiamu yenye kutoa joto ilikuwa imekwisha kabisa katika sayari zote ndogo, kwani nusu yake hutoweka katika muda mfupi uliotajwa hapo juu. Ikiwa moto wa ndani ulikuwa umezimika, moto uliolipasha jiwe la Kodaikanal ulitoka nje, na moto wa nje wa kiasi hicho hauna chanzo kingine kinachofahamika ila kugongana kwa sayari mbili.

Ushahidi wa tatu ni mistari iliyotajwa hapo juu. Kimondo cha chuma kikipasuliwa, kikasuguliwa na kumiminiwa asidi, mara nyingi hutokea mistari inayokatana kama ukili uliosukwa. Mistari hii huitwa kwa jina la Alois von Widmanstätten wa Vienna, aliyeiona mwaka 1808. Yenyewe ni ukuaji wa namna mbili za chuma cha nikeli, na hauwezekani ila chuma kinapopoa polepole mno kati ya digrii 700 na 400 hivi. Lakini mistari haisemi lolote juu ya mwendo wa kupoa katika joto la juu zaidi, na jambo hili lina maana kubwa, kama itakavyoonekana.

Rai tatu

Rai ya kwanza, nayo ni ya zamani, yasema kwamba mawe na chuma vilikutana mpakani, pale tumbo la chuma la sayari linapogusana na ganda lake la jiwe. Rai hii ilitumiwa zaidi kueleza vimondo vya Pallas, na yaafikiana na olivini, jiwe litarajiwalo mahali hapo. Hata hivyo haielezi felspa wala viduara, ambavyo mahali pake ni karibu na uso wa sayari. Tena mwaka 2012 John Tarduno na wenzake walitoa habari za usumaku uliohifadhiwa katika olivini za vimondo vya Imilac na Esquel. Usumaku huo wahitaji kwamba olivini ilipoa wakati tumbo la sayari lilipokuwa bado owevu na lenye kutoa nguvu ya sumaku. Basi olivini hizo hazikuwa zimegusana na tumbo lile, bali zilikuwa juu zaidi, na chuma kilichozizunguka kiliingizwa kwa nguvu, pengine kutoka katika sayari nyingine.

Rai ya pili ni ile ya tanuri lisilotimiza kazi. Yafaa sana kwa kundi la IAB, ambalo mawe yake mengi yanakaribia kuwa na mchanganyiko wa asili, kana kwamba hayakuchujwa kwa ukamilifu. Udhaifu wake ni kwamba peke yake haielezi kwa nini katika kimondo kimoja mawe yaliyopata joto kubwa hulala karibu na mawe yaliyopata joto dogo.

Rai ya tatu ni ya mgongano. Sayari ndogo yenye moto, iliyokwisha kuanza kutengana, hugongwa na nyingine na kuvunjika. Vipande vyake havitawanyiki vyote; nguvu ya kuvutana huvirudisha pamoja, chuma cha moto na mawe ya baridi vikachanganyika ovyo. Hapo ndipo thamani ya ushahidi wa tatu ionekanapo. Mawe ya baridi huinyonya joto chuma kiowevu, nacho huganda upesi kabla mawe hayajapata nafasi ya kuelea. Kisha mchanganyiko wote hufunikwa na kifusi kama makaa yaliyofukiwa jivuni, ukaendelea kupoa polepole kwa mamilioni ya miaka na kuchora mistari yake. Kuganda upesi kwanza na kupoa polepole baadaye ni mambo mawili yaliyoonekana kupingana, lakini kwa rai hii yapatana. Katika mwaka 2000 Gretchen Benedix na wenzake waliitumia rai ya namna hii kwa kundi la IAB, wakiiunganisha na ile ya pili: kuyeyuka nusu kwanza, kuvunjika na kuchanganyika baadaye. John Wasson wa California kwa upande wake alishikilia kwamba kuyeyuka kwenyewe kulitokana na migongano, wala si moto wa ndani. Mabishano hayo yahusu chanzo cha moto. Kuhusu mgongano kuwa ndio uliochanganya, pande zote mbili zaafikiana.

Kimondo cha Mbozi

Habari hizi zina mfano wake katika Afrika ya Mashariki. Juu ya mteremko wa kilima cha Marengi, wilaya ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha ambao uhunzi wao umetajwa, kuna kimondo cha chuma chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikijua kabla hakijaandikwa. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alitoa habari zake kwa serikali, na mwaka 1931 D. R. Grantham na F. Oates walichapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu. Chuma chake kina nikeli karibu sehemu 9 katika 100.

Kwa muda mrefu kimondo hiki kilihesabiwa kuwa chuma tu. Lakini mwaka 1996 Edward Olsen, pamoja na Clayton, Mayeda, Wasson na wengineo, walieleza mawe yaliyomo ndani yake. Ni madogo sana, ya milimeta chache tu. Lile lililochunguzwa zaidi lilikuwa na upana wa milimeta 3.1. Sehemu kubwa ya jiwe hilo ni kioo kilichoanza kugeuka kuwa fuwele ndogo za pairoksini na felspa. Jambo hili ni zito. Kioo hupatikana pale tu jiwe lililoyeyuka linapoganda upesi kabla fuwele hazijakua. Basi ndani ya Mbozi mna alama ya kupoa upesi, wakati chuma chenyewe kina mistari ya kupoa polepole. Ni mambo yale yale mawili yaliyotajwa katika rai ya tatu, yamekaa katika kimondo kimoja.

Tena kimondo cha Mbozi hakina ndugu. Vimondo vya chuma vimegawanywa katika makundi zaidi ya kumi kwa kupima vitu vilivyomo kwa uchache, kama galiamu na germaniamu. Mbozi kina germaniamu zaidi ya mara kumi ya galiamu yake, na kwa hali hiyo chakaribia kundi la IIF na vimondo vichache vya Pallas vya namna ya Eagle Station. Walakini hakiingii katika kundi lolote. Vimondo vya kundi la IIF havijulikani kuwa na mawe ndani. Kwa hiyo punje zile za Mbozi huenda ndizo habari pekee iliyosalia ya sayari nzima ambayo vipande vyake vingine havijapata kuanguka mahali paonekanapo.

Hapa ndipo ulinzi wake upatapo maana zaidi ya heshima. Kimondo hiki kimekatwa vipande zamani na watu mbalimbali, na alama za misumeno zingali zaonekana. Mwenye kukata kipande cha chuma hudhani anachukua chuma, na chuma hicho ni kingi. Lakini aweza kuwa amechukua pamoja nacho punje moja ya jiwe ya milimeta tatu, isiyoonekana kwa nje, ambayo haina nyingine. Uchunguzi wa siku hizi wahitaji kiasi kidogo mno, na mara nyingi vipande vilivyokwisha kuhifadhiwa katika makumbusho vyatosha.

Uchunguzi waendelea kwa njia nyingine pia. Mwezi Oktoba 2023 Marekani ilirusha chombo kielekeacho kwenye sayari ndogo iitwayo Psyche, ambayo mwanga na uzito wake vyaonyesha kuwa ina chuma kingi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni tumbo tupu la chuma lililovuliwa ganda. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kuwa ni nyepesi mno kwa rai hiyo, na kwamba yamkini ni chuma kilichochanganyika na mawe. Ikithibitika hivyo, itakuwa mara ya kwanza kuonekana, kwa ukubwa wa nchi nzima, jambo ambalo hadi sasa limesomwa katika punje za mawe zilizonaswa ndani ya chuma.